Kuonekana Rijali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wanaume wa China Wanaopenda Wanaume

Ukurasa huu unahusu jambo moja: kwa nini wanaume wengi wa China wanaovutiwa na wanaume wenzao hutumia nguvu nyingi hivyo ili wasijulikane. Maswali ni yale ambayo wasomaji wa Kiswahili huuliza wakianza kufuatilia habari za China, au wakishakaa Guangzhou au Beijing kwa masomo na biashara wakaona mambo wasiyoyaelewa. Tunazungumzia China bara. Taiwan na Hong Kong zina sheria na historia zao, na tutazitaja pale tu inapobidi.

Kwanza, mnawaitaje watu hawa?

Humu tunasema "wanaume wanaopenda wanaume". Neno "shoga" lina mzigo: kwa wanawake wa pwani ni rafiki wa chanda na pete, na kwingineko limekuwa tusi la kumrushia mwanamume.

Kwa Kichina, neno la vitabu vya tiba na la magazeti ni *tongxinglian*. Wenyewe, wakichagua jina lao, wengi husema *tongzhi*. Maana yake ya asili ni mtu mwenye nia moja nawe, na ndilo neno ambalo wanachama wa Chama cha Kikomunisti waliitana kwalo. Mtanzania aliyekua enzi za TANU atalielewa upesi, maana ni "ndugu" ile ile ya Ujamaa. Mwaka 1989 neno hilo lilitumiwa Hong Kong katika tamasha la filamu za wapenzi wa jinsia moja, likavuka mpaka kwenda bara, na leo kijana wa Shanghai ukimwita *tongzhi* anaweza kucheka kabla hajakujibu. Chengdu wana neno lao tamu zaidi, *piaopiao*, yaani wale wanaopeperuka.

Je, kumpenda mwanamume mwenzako ni kosa la jinai China?

Hapana. Sheria ya jinai ya 1979 ilikuwa na kosa lililoitwa "uhuni", *liumang zui*, pana kama wavu wa kokoro, na polisi walilitumia kuwakamata wanaume waliokutana bustanini na vyooni. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1997 ililifuta. Lakini hakuna sheria ya taifa inayomkinga mtu asifukuzwe kazi kwa sababu ya anayempenda, na ndoa ni ya mume na mke tu.

Kama sheria haikatazi, shinikizo linatoka wapi?

Linatoka sebuleni. Hili ndilo jambo ambalo msomaji wetu hulikosa, kwa sababu amezoea mjadala huu uanzie kwenye dini au kwenye sheria. Kwa Wachina wengi wa kabila la Han, swali kubwa si kama Mungu amekasirika. Swali ni nani atakayeendeleza ukoo.

Kitabu cha Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, kina sentensi ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kukutajia: mambo ya kumkosea mzazi ni matatu, na kubwa kuliko yote ni kukosa uzao. Mtoto wa kiume ndiye anayebeba jina, ndiye anayewasha ubani mbele ya wahenga, ndiye anayekwenda kufagia makaburi siku ya Qingming mwezi wa Aprili. Kwa hiyo kijana asiyeoa haonekani kama mtu aliyejichagulia maisha yake. Anaonekana amewakatia mkondo watu waliokufa na watu ambao hawajazaliwa.

Sasa weka juu ya hapo sera ya mtoto mmoja, iliyotekelezwa nchi nzima kuanzia 1980 hadi mwisho wa 2015. Vijijini mikoa mingi iliruhusu mtoto wa pili kama wa kwanza ni msichana. Mjini, familia nyingi ziliishia kwa mmoja. Huyo mmoja akiwa mvulana, na akiwa anapenda wavulana, hakuna kaka wa kumsaidia kubeba. Wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, wote macho yao yako kwake. Nikisoma simulizi za wanaume hawa, kinachorudi tena na tena si woga wa kipigo, ingawa upo. Ni huruma. Wanawaonea wazazi wao huruma, na kufuli ya huruma haivunjiki kirahisi kama ile ya hofu.

Dola nayo ilichangia. Mpaka mwaka 1998, ulipofutwa mtindo wa kugawa nyumba kupitia mahali pa kazi, mfanyakazi wa mjini alipewa nyumba na *danwei*, yaani kiwanda, ofisi au shule yake, na walio kwenye ndoa ndio waliotangulia foleni. Kutokuoa kulimaanisha kubaki kwenye bweni na wenzako sita, na kila mmoja anajua hujaoa. Mfumo umekwisha, lakini waliolelewa ndani yake ndio baba na mama wa vijana wa leo.

Halafu kuna *mianzi*, uso, yaani heshima mbele ya watu. Si uso wa kijana peke yake. Mama asiye na mkwe hukwepa kuzungumza na majirani. Kwenye Bustani ya Watu mjini Shanghai wazazi hukaa na miavuli iliyobandikwa karatasi zenye umri, kimo, mshahara na elimu ya watoto wao, wakiwatafutia wachumba, mara nyingine bila watoto wenyewe kujua. Kuhimizwa kuoa kuna neno lake maalumu, *cuihun*, na msimu wake ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, pale kijana anaposhuka treni na kukuta shangazi wote wamemsubiri na swali moja.

"Kujifanya mnyoofu" maana yake nini hasa?

Wachina humwita mwanamume anayependa wanawake *zhinan*, mwanamume mnyoofu, na kujifanya mmoja wao ni *zhuang zhi*. Ni kazi ya kila siku, na sehemu kubwa inafanywa na mwili. Sauti inashushwa. Mkono haupepei wakati wa kuzungumza. Miguu haikunjwi goti juu ya goti. Kicheko kinapimwa. Mtu anajifunza majina ya wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani ingawa hajali ni nani aliyeshinda, na kwenye karamu za kazini anakunywa *baijiu* kikombe baada ya kikombe kila bosi anaponyanyua chake, kwa kuwa anayekataa pombe huulizwa kama ni mwanamume kweli.

Sehemu nyingine inafanywa na simu. WeChat, programu ya mawasiliano ya Wachina, inamruhusu mtu kuchagua nani aone picha zake, kwa hiyo kunakuwa na kundi la familia, kundi la kazini na kundi la wale wanaojua. Picha ya safari na mpenzi inakwenda kwa kundi la tatu; kwa la kwanza inakwenda picha ya mlima mtupu. Mpenzi anaitwa "mwenzangu wa chumba" au "binamu". Binti rafiki wa kazini anaombwa atokee kwenye picha moja ya chakula cha jioni, ili mama atulie kwa miezi mitatu.

Msomaji anaweza kusema kila mtu huficha kitu. Kweli. Tofauti ni kwamba hapa hakuna saa ya kupumzika. Mtu anayeficha deni hahitaji kuchunga jinsi anavyoshika kikombe cha chai.

Lakini China ya zamani haikuwaheshimu wanaume laini?

Iliwaheshimu, na ni muhimu kulijua hili. Uanaume wa Kichina tangu kale ulikuwa na nguzo mbili: *wen*, yaani elimu, mashairi, kalamu na adabu, na *wu*, nguvu za vita. Guan Yu, jemadari aliyegeuzwa mungu wa vita, alisimama upande mmoja, Konfusio upande mwingine, na mara nyingi aliyekamata kalamu alikaa juu ya aliyekamata upanga. Msomi mwembamba, mweupe, mwenye mikono isiyojua jembe, ndiye aliyekuwa mpenzi katika hadithi na tamthilia.

Wala mapenzi ya wanaume hayakuwa siri. Mfalme Ai wa nasaba ya Han, aliyetawala tangu mwaka 7 hadi mwaka 1 kabla ya Kristo, alimpenda mtumishi wake Dong Xian. Inasimuliwa kwamba siku moja mfalme alitaka kuinuka, akakuta Dong Xian amelala juu ya mkono wa joho lake, akaukata mkono wa joho asimwamshe. Tangu hapo "mkono uliokatwa" umekuwa jina la mapenzi ya aina hiyo. Tusizidishe sukari, lakini: mwanamume wa tabaka la juu aliweza kuwa na mpenzi wa kiume kwa sababu alikuwa tayari ana mke na watoto. Deni la ukoo lilikuwa limeshalipwa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Kilichobadilika ni karne ya 19 na ya 20. China ilishindwa vita ya Afyuni mwaka 1842, ikashindwa na Japani mwaka 1895, ikaanza kuitwa "mgonjwa wa Asia ya Mashariki". Wanamageuzi wakautazama mwili wa yule msomi mwembamba wakaona humo aibu ya taifa. Wakati huohuo tiba ya Magharibi ikaingia na fundisho kwamba mapenzi ya jinsia moja ni ugonjwa. Kwa hiyo mtu anayesema ulaini ni mambo ya kuigwa kutoka nje ameigeuza historia miguu juu.

Neno *niangpao* lina uzito gani, na serikali inaingiaje?

*Niangpao* ni tusi kwa mwanamume anayeonekana kuwa na mambo ya kike. Watoto huitana hivyo shuleni, na limeumiza watu wengi. Mwishoni mwa 2021 mpigapicha mmoja kijana aliacha barua mtandaoni akieleza, pamoja na mengine, jinsi alivyoonewa shuleni kwa neno hilo, akapatikana amefariki. Mamilioni waliisoma barua ile, na wengi waliandika kwamba wao pia waliitwa hivyo.

Uzito wa neno uliongezeka lilipotoka uwanja wa shule likaingia kwenye nyaraka. Septemba 2018, kipindi cha televisheni ya taifa cha kufungua mwaka wa shule kilionyesha waimbaji vijana waliojipodoa, wazazi wakalalamika, na shirika la habari la Xinhua likachapisha maoni makali dhidi ya wanaume wa namna hiyo. Gazeti la chama, People's Daily, lilijibu kwa sauti ya upole zaidi, kwamba thamani ya mwanamume haipimwi kwa sura yake. Mei 2020, mjumbe wa baraza la ushauri wa kisiasa, Si Zefu, alitoa pendekezo la kuzuia wavulana "wasigeuke wa kike", akiwalaumu akina mama, mabibi na walimu wa kike. Januari 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza jibu lake: walimu zaidi wa michezo, mpira zaidi, kukuza *yanggang zhi qi*, ile roho ya kiume. Na tarehe 2 Septemba 2021 mamlaka ya redio na televisheni iliviagiza vituo viache kuonyesha "*niangpao* na urembo mwingine usio wa kawaida". Tusi la uwanja wa shule likawa limo ndani ya waraka wa serikali.

Hakuna hata moja ya nyaraka hizo iliyosema moja kwa moja kwamba inawalenga wanaume wanaopenda wanaume. Lakini mvulana wa miaka kumi na minne anayejijua anasoma tangazo lile kwa macho mengine kabisa.

Kama wote wako chombo kimoja, kwa nini wanadharauliana wao kwa wao?

Hili ndilo swali linaloniuma kuliko yote, na nitakaa nalo kidogo.

Katika lugha ya wanaume hawa kuna namba mbili: 1 na 0. Moja ni yule anayeingia, sifuri ni yule anayepokea, na 0.5 ni wa kati. Kwa asili ni habari ya kitandani tu. Lakini namba zimevimba zikawa tabia nzima: 1 anatakiwa awe mrefu, mwenye kipato, mtulivu, alipe bili na aendeshe gari, 0 anatarajiwa adeke. Yaani ndoa ile ile ya shangazi imeingia kupitia dirishani. Kuna mchezo wa maneno wanaoupenda, unaotumia misemo miwili ya Kichina yenye sauti za "sifuri" na "moja": kila mahali sifuri zinapepea, na hakuna moja wa kumwegemea. Ndani ya mchezo huo kuna lalamiko la kweli, kwamba wengi wanatafuta mwanamume wa kuigiza nafasi ambayo wachache wanaiweza au wanaitaka.

Kisha kuna herufi C, kifupi cha neno la Kiingereza la kumdharau mwanamume laini. Kwenye programu za kutafuta wachumba, watu huandika kwenye maelezo yao kwamba C wasiwasumbue. Wengine hujisifu kwamba "hawaonekani kabisa", kana kwamba kutojulikana ni cheo. Anayetamaniwa sana huitwa *tiancai*, mboga ya mbinguni: nywele zilizokatwa fupi, ndevu kidogo, kifua cha jimu, nguo za michezo. Kwa maneno mengine, sifa kubwa kabisa anayoweza kupewa mwanamume anayependa wanaume ni kwamba anafanana na asiyewapenda.

Inashangaza zaidi ukisikia wanawake wa China wa mjini wanavyomsema huyo huyo *zhinan*. Wana neno *zhinan ai*, saratani ya mwanamume mnyoofu, kwa ajili ya yule anayewadharau wanawake na kuamini dunia iliumbwa kwa ajili yake. Kielelezo ambacho wengi wa hawa vijana wanahangaika kukifikia ni kile kile ambacho dada zao wanakitoroka.

Naona chanzo chake ni usalama kabla ya kuwa chuki. Ukitembea barabarani na mpenzi laini, watu wanajua habari zenu nyote wawili. Mwanamume aliyejificha vizuri anamwogopa yule asiyejificha, kwa kuwa yule anaweza kumfichua kwa kusimama karibu naye tu. Lakini ikishazoeleka, hofu hiyo huitwa ladha, na mtu husema "mimi tu ndivyo ninavyopenda". Wanaolipa bei ni wale wasioweza kujificha hata wakitaka.

Ni wangapi huishia kuoa wanawake?

Utafiti mkubwa ulioratibiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha Peking na kituo cha jamii hii cha Beijing, uliotolewa mwaka 2016, uliwahoji zaidi ya watu 28,000. Waliojitambulisha wazi shuleni au kazini walikuwa asilimia 5 hivi, na kwa familia hawakuzidi asilimia 15. Miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja na ya zote mbili waliokuwa kwenye ndoa, asilimia 84.1 walikuwa wameoana na watu wasio wa kundi lao.

Mwanamke aliyeolewa na mwanamume wa namna hii huitwa *tongqi*. Profesa Zhang Beichuan wa Qingdao alikadiria kuwa wanaweza kufika milioni 16. Ni makadirio, si sensa, lakini ndiyo namba inayotajwa kila mara. Wengi huolewa bila kujua. Wanakuja kugundua baada ya mtoto, baada ya miaka ya kujiuliza kama wao ndio wabaya, wanene, wasiovutia. Sheria haiwasaidii sana, kwa maana hakuna kifungu kinachotaja hali hiyo kama sababu ya talaka au ya fidia, na tangu 1 Januari 2021 wanaotaka kuachana kwa makubaliano hutakiwa kusubiri siku 30 kwanza.

Nawahurumia wanaume waliobanwa hadi wakaoa. Lakini mwanamke huyu hakualikwa kwenye deni hilo, na mimi sikubali aitwe gharama ya lazima. Wapo wanaume wa jamii hii wanaosema hadharani, "tusiwaoe wanawake wasiojua", na wanastahili kusikika kuliko wanavyosikika.

Xinghun ni nini?

Ni ndoa ya sura tu: mwanamume anayependa wanaume anaoana na mwanamke anayependa wanawake, wote wakijua. Kiswahili kina msemo wake: funika kombe mwanaharamu apite. Karamu inafanyika, picha zinapigwa, wazazi wa pande zote mbili wanafurahi. Watu hutafutana mtandaoni na kukubaliana mapema: nani atalipa nini, sikukuu zitaadhimishwa kwa nani, wataishi pamoja au la.

Hufanya kazi hadi siku ya pili, mama anapouliza habari ya mjukuu. Hapo huanza mazungumzo mapya kuhusu mtoto, kliniki, malezi na jina la ukoo, na wawili waliokubaliana kuigiza siku moja hujikuta wamefunga mkataba wa miaka ishirini. Katika utafiti nilioutaja, asilimia 13.2 ya waliokuwa kwenye ndoa walikuwa kwenye ndoa za aina hii.

Maisha ya namna hii yanaidhuru afya?

Ndiyo. Wanasaikolojia huita hali hii mkazo wa kuwa wachache: kusubiri kudharauliwa, kujificha, na kuichukua dharau ya nje ukaifanya yako. Tafiti zilizofanyika China zimehusisha kujichukia huko na sonona na upweke. Kuna jambo la kiutendaji pia. Mwanamume mwenye mke anayekutana na wanaume kwa siri huogopa kuonekana kituo cha kupima virusi vya UKIMWI, hivyo huchelewa kupima, na hatari inawafikia watu wawili.

Je, wanaweza "kutibiwa"?

Hakuna ugonjwa wa kutibu. Mwongozo wa China wa magonjwa ya akili uliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha mwaka 2001, ingawa uliacha mlango kwa wale "wanaosumbuliwa" na hali yao, na kupitia mlango huo biashara iliendelea.

Desemba 2014 mahakama ya Haidian, Beijing, iliamuru kliniki moja ya Chongqing imlipe kijana yuan 3,500. Alikuwa ametiwa umeme huku akiambiwa awaze kuhusu wanaume. Mahakama ilisema wazi kuwa mapenzi ya jinsia moja si ugonjwa wa akili. Mwaka 2017 mahakama ya Zhumadian, mkoani Henan, ilimpa ushindi mwanamume aliyefungiwa hospitali ya magonjwa ya akili siku 19 na mkewe na jamaa zake, baada ya yeye kuomba talaka. Alilipwa yuan 5,000. Itazame hiyo kesi ya pili: mwanamume aliyeoa kwa shinikizo, akataka kusema kweli, akafungiwa.

Mtandao umewasaidia au umewabana?

Vyote viwili. Mwaka 2000 polisi mmoja wa mji wa Qinhuangdao, kwa jina la kujipachika Geng Le, alianzisha tovuti iitwayo Danlan. Mchana alivaa sare, usiku aliendesha tovuti ya wanaume wanaopenda wanaume, kwa zaidi ya miaka kumi. Wakubwa wake walipojua, mwaka 2012, akaacha kazi, akaanzisha programu ya Blued, na Julai 2020 kampuni yake ikaorodheshwa soko la hisa la Nasdaq, Marekani. Kijana wa wilayani ambaye angezeeka akidhani yuko peke yake duniani aliweza kuona kwenye simu kwamba mita mia nane kutoka alipo kuna mwenzake.

Tangu wakati huo nafasi imepungua. Aprili 2018 Weibo, mtandao mkubwa wa kijamii wa China, ilitangaza kuondoa maudhui ya mapenzi ya jinsia moja, watu wakajaza mtandao kwa maneno "mimi ni tongxinglian", na baada ya siku tatu kampuni ikarudi nyuma. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa ushindi mkubwa wa wazi. Shanghai Pride, tamasha la jamii hii, ilisimama Agosti 2020. Julai 2021 akaunti za WeChat za vikundi vya wanafunzi zilifungwa usiku mmoja. Kile kituo cha Beijing kilichoshiriki utafiti wa 2016 kilifungwa Mei 2023. Novemba 2025 Blued yenyewe iliondolewa kwenye maduka ya programu nchini China.

Kote ni hivi hivi?

Hapana. Chengdu ina sifa ya upole, Shanghai na Guangzhou zina nafasi za kupumulia, na anayehama kijiji kwenda mji huwa amepata nusu ya uhuru kwa tiketi ya treni peke yake. Nusu nyingine inambidi airudishe kila mwaka mpya.

Wazazi wote hukataa?

La. Wu Youjian, mama wa Guangzhou, alijitokeza kwenye televisheni mwaka 2005 pamoja na mwanawe na kusema anamkubali. Mwaka 2008 alishiriki kuanzisha mtandao wa wazazi wa watoto hawa, na simu zikaanza kuingia kutoka kwa akina mama waliokuwa wakilia peke yao. Mzazi wa Kichina humsikia mzazi mwenzake kuliko mwanaharakati yeyote.

Familia nyingine hazisemi kitu. Kijana anamleta "rafiki" nyumbani, mara ya kwanza, mara ya tano. Rafiki anaosha vyombo, anampeleka baba hospitali. Siku moja mama anaanza kumwekea minofu ya samaki kwenye bakuli lake kama anavyomwekea mwanawe, na neno halijatamkwa. Msomi wa Hong Kong Chou Wah-shan aliita hali hii kurudi nyumbani, kama njia tofauti na ile ya kujitangaza. Wapo wanaoilaumu kwamba inauacha ukimya mahali pake. Nadhani lawama hiyo ina haki, na bado nisingemnyang'anya mtu bakuli lile.

Kwa upande wa sheria kuna upenyo mdogo: tangu Oktoba 2017 mtu mzima anaweza kumchagua mwingine, asiye ndugu, awe mlezi wake endapo atapoteza uwezo wa kuamua. Baadhi ya wapenzi huenda wawili wawili kwenye ofisi za kuthibitisha mikataba na kuandikishana, ili siku ya upasuaji sahihi isitafutwe kwa binamu aliye mbali.

Nasoma China na nadhani mwenzangu wa bweni ni mmoja wao. Nimwulize?

Usimwulize. Ukimbana kwa swali la moja kwa moja, utamlazimisha akudanganye, na atalazimika kuulinda uongo huo muda wote mnaoishi pamoja. Usicheke mtu akiitwa *niangpao* mbele yako. Hilo ataliona, hata akijifanya hajaona. Usimwambie wenzako wa nyumbani kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa Kiswahili, maana programu za kutafsiri zipo. Na akirudi kutoka likizo ya mwaka mpya, usiwe mtu wa ishirini kumuuliza ataoa lini. Wachina wana salamu yao ya zamani, *chi le ma*, umekula? Mwulize hiyo, kisha mwende mkale.